Karatasi Nyekundu Juu ya Jina Langu

Bi Lan,

Shikamoo sikupi sasa hivi. Nitakupa mwishoni, kama hasira zitakuwa zimeshuka. Juzi, mchana kweupe, nilisimama ndani ya ukumbi wenu wa Wachina pale Limehouse, hapa London, nikaliona jina langu limeandikwa kati ya majina ya wafu. Rehema, Tanga. Kwa mwandiko wako mwenyewe, na ile R yako yenye mkia mrefu. Asubuhi nimemsuka mteja mstari umepinda hadi sikioni, na sijui kama ataurudisha uso wake saluni kwangu.

Hukuniuliza, Bi Lan. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikaa na mimi miaka yote ile, ukala kwangu, nikala kwako, ukaniuliza hata bei ya chupi sokoni, lakini hilo hukuniuliza.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana hukuwapo. Mzee Fong wa ukumbini anashikilia kwamba ulikuwapo na ulikuwa unacheka. Sitaki kumsikia.

Habari ya kifo chako ilinikuta kazini, hapa Peckham, nimeshasuka nusu ya kichwa cha dada mmoja wa Kikongo. Aliyepiga simu ni Kin, katibu wa ukumbi, yule mwenye mvi ambaye wewe hukuacha kumwita kijana. Akaniambia umefariki hospitali. Nikamjibu kwamba haiwezekani, Bi Lan nimemwekea nafasi Alhamisi. Nilisema hivyo kweli, kana kwamba mtu mwenye nafasi saluni hawezi kufa. Alhamisi hiyo ulikuwa uje nikuoshe nywele kabla ya mwaka mpya wenu, kwa sababu siku yenyewe mnaogopa kuosha kichwa msije mkaosha na bahati. Kila mwaka ulikuja, na kila mwaka nilikuuliza ni bahati gani hiyo inayokimbia shampuu. Dada wa Kikongo aliniangalia kwenye kioo, akachukua kitambaa chake, akajifunga kichwa nusu kwa nusu, akanikumbatia, akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika kitana. Nafasi yako sikuifuta. Alhamisi ilipofika nilikaa pembeni ya kiti kitupu na sikumhudumia mtu.

Nilikuwa namfikiria yule bibi wa siku ya kwanza. Unakumbuka? Lile duka la vyakula vyetu hapa barabarani, mimi ndiyo kwanza nina majira mawili ya baridi nchini, nimeshika mkungu wa ndizi, nikasikia nyuma yangu Kiunguja kile cha Mjini kabisa: "Huu muhogo ama ukuni? Hebu tizama nyuzi hizi!" Moyo wangu uliruka. Nikageuka kumtafuta bibi wa Kizanzibari. Nikamwona Mchina mfupi, koti la bluu, kikapu mkononi, anaugombeza muhogo. Ndizi zikanitoka. Ukanitazama chini mpaka juu. "N'nini, mwanangu? Hujapata kumwona Mchina?"

Tulipofika kwa mwenye kupokea pesa nilikuwa nishajua maisha yako yote. Kwamba ulizaliwa Unguja, baba yako akinunua majongoo ya bahari, akiyachemsha na kuyaanika juani ayapeleke China, na watu wa mtaani wakiziba pua na kuapa kwamba hakuna binadamu anayekula vitu vile. Kwamba baharia wa kwenu alikuoa akakuleta London, akafa mapema, na Mungu hakuwajaalia mtoto. Kwamba tangu umefika huku hujapata kula muhogo uliokuridhisha. Halafu ukaniambia Jumapili nije nile.

Nilidhani unanikaribisha nyumbani kwako. Kumbe ni pale, mabasi mawili kutoka hapa, ngazi nyembamba juu ya iliyokuwa dobi ya Wachina. Sitasahau nilipofunguliwa ule mlango. Mbao zimechongwa madragoni na maua, zimepakwa dhahabu iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa udi. Sanamu la mzee wa uso mwekundu na ndevu hadi kifuani limekaa katikati linatutolea macho. Machungwa, vikombe vidogo vya chai, na upande wa dirishani wazee wenu wanabamiza vile vigae vyao vya kuchezea bila hata kuinua macho. Ukaniambia kwamba mabaharia walioteremka melini wakakosa pa kulala ndio waliouanzisha ukumbi ule, na kwamba madhabahu ilikuja kwa meli vipande vipande, ikaungwa pale pale. Aliyekosa barua aliisubiri pale. Aliyekufa bila jamaa, ukumbi ndio uliomzika.

Na ukutani, lile kabati la vibao. Kila kibao jina la mtu na kijiji alichotoka. Vingine vimefunikwa karatasi nyekundu. Nikauliza. Ukasema, "Aliyefunikwa bado anakula wali, huyo kaweka nafasi tu. Akifa, mwanawe huja akambandua." Ukasema hivyo huku unanipakulia samaki, na mimi nikaendelea kula. Laiti ningejua.

Mimi ni Mwislamu, na wewe ulilijua hilo kabla sijavua viatu. Hukunipa kijiti cha udi hata siku moja. "Weye kaa hapo kwenye kiti, mie niongee na wazee wangu, kisha tule." Ukaninunulia sufuria yangu, ukaifunga uzi mwekundu kwenye mshikio, ukawaambia wale wazee kwamba atakayetia nguruwe humo atakiona. Yule mwenye ndevu nilimwita Babu Ndevu, nawe ukanikanya nisimcheke, eti anaelewa Kiswahili, umemfundisha. Kweli ulikuwa unaongea naye Kiswahili! Nilikusikia unamshitakia kuhusu kaunsili ya mji na lifti ya kwako iliyoharibika. Ukampikia na mkate wa kumimina, kwa unga wa mchele wa duka la Kichina, wenye nazi na iliki, ukauweka mbele yake pembeni ya machungwa.

Basi mimi nikajipa kazi. Nilifuta vumbi, niliosha vikombe, nilipangusa vile vibao kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Nilikuuliza kama kuna ubaya, ukasema vumbi halina dini. Wazee walizoea. Mzee Fong alikuwa ananyanyua miguu nipitishe ufagio bila kusimamisha mchezo. Hapo ndipo nilipokuwa napumzika, Bi Lan. Wiki nzima nimesimama saluni, kelele, redio, watoto. Jumapili nilikuwa na mahali pa kwenda.

Mwaka jana mwenye jengo akaliuza. Hilo ulilishuhudia. Wanaligeuza fleti. Usilolishuhudia ni yule mama wa makumbusho aliyekuja na kamera baada ya wewe kufa. Mtu mwema, simsemi vibaya. Alizunguka anashika mashavu, anasema urithi, urithi mkubwa, mpaka machozi yakamlengalenga. Sasa Babu Ndevu, ile madhabahu na ule ubao wa dhahabu wa juu ya mlango vinakwenda ghala la makumbusho, visipigwe na jua wala visiguswe na moshi. Nilishukuru, kwa kuwa vingeweza kutupwa. Lakini nilibaki nimeduwaa. Kumbe vitu vina mahali pa kupelekwa, ila wale wazee na vigae vyao hakuna aliyeuliza wataketi wapi.

Vibao makumbusho hayawezi kuvichukua, ni mambo ya watu na wafu wao. Chama kingine cha Kichina kimewapa chumba kidogo. Kabla ya kuhama, wazee wakatafuta siku njema katika kalenda yao ili walio wapya kati ya marehemu wabanduliwe karatasi. Wewe huna mwana. Kin akanipigia simu akaniomba nije nikubandue mimi.

Nikaja. Nilivaa ile baibui yangu nzuri. Nilijiambia hii si ibada, ni kumtoa mtu kitambaa usoni. Wazee wote walikuwa wamesimama, masanduku yamejaa sakafuni, na pale kwenye kabati vilikuwa vibao viwili vyekundu vimekaa pamoja. Mzee Fong akasema kwa Kichina, Kin akanitafsiria: cha kushoto. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikasema bismillahi, nikabandua cha kushoto.

Cha kushoto kwangu mimi! Kumbe kwenu kushoto na kulia havipimwi kwa anayetazama. Vinapimwa kwa Babu Ndevu aliyekaa anatutazama sisi. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Nyie watu, nyie! Miaka nafagia mbele ya yule mzee na hakuna aliyenambia.

Karatasi ilitoka kirahisi, gundi ilikuwa bado mpya. Juu maandishi ya Kichina ya dhahabu, chini kabisa kwa wino, Rehema, Tanga. Kwanza nilidhani umeniandika kama mtu wa kuulizwa habari zako. Akili ilikuwa inatafuta pa kushika. Halafu Mzee Fong akapiga ukelele ambao sikujua kwamba kifua kile bado kinao. Kikombe kikaanguka. Akanidaka mkono, akanibana hapa kwenye kifundo, anatafuta kama damu bado inapita. Mwingine anatema maneno ya kufukuza balaa. Mwingine amenitia peremende mdomoni kwa nguvu, eti utamu ufute nuksi. Iliyokwisha kubanduliwa hairudishwi, karatasi nyekundu nyingine zote zimeshafungwa kwenye masanduku, hakuna anayekumbuka sanduku gani, na mimi nimesimama pale kwenye kabati la wafu, jina wazi, nanyonya peremende. Mwisho Kin akatoa mfukoni bahasha nyekundu ya mwaka mpya, ile ya kutilia zawadi ya watoto, wakaichana, wakaponda punje za wali kutoka kwenye chakula cha mtu, wakanigandisha upya. Wakapumua. Mimi sikupumua.

Nikateremka zile ngazi bila koti. Nikakaa kituo cha basi, nikasoma Ayatul Kursi, nikakosea, nikaanza tena. Mabasi yakapita. Nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa: ameniandika, bibi huyu ameniandika, nimemkosea nini? Kwetu mtu akiona jina lake mahali kama pale hatafuti maelezo, anatafuta mganga. Nisingekujua ningesema wewe ni mchawi, na kwa dakika kadhaa, nisikufiche, nilikuita hivyo.

Kin akanifuata na koti langu. Akakaa. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, yale uliyoyaficha. Kwamba jengo lilipouzwa wazee walikata shauri: chumba ni kidogo, watahama na majina yenye mtu hai nyuma yake tu. Yasiyo na mtu yatachomwa kwa heshima, yapande na moshi. Ukajua lako ni la moto. Ukasema una mtoto. Wakakuuliza yupi. Ukasema yule anayeosha vikombe vyenu. Wakasema yule si Mchina, si wa ukoo, na si wa dini. Ndipo, kwa maneno ya Kin, ukapiga meza mpaka vigae vikamwagika, ukawaambia wataje mtoto wa nani kati yao aliyepata kuwafutia wazee vumbi. Wakainama kuviokota. Watoto wao hawajui hata ngazi zilipo. Mzee Fong mwenyewe ndiye aliyeniandika yale maandishi ya dhahabu.

Na akaniambia jambo la pili. Walikuuliza, hata kama tunakubali, yule binti ana haja gani na kibao? Ukajibu, "Akianguka huko kazini kwake, nani London atalijua jina lake? Wataandika mwanamke wa Kiafrika."

Hilo lilinichoma kuliko karatasi. Nilitaka kubisha. Nina mama Tanga, nina ndugu, nina Mola wangu. Lakini pale kituoni, na koti mapajani, nilijaribu kufikiri kwamba nimeanguka saluni, ni nani katika mji huu atapigiwa simu. Jina lililonijia lilikuwa lako. Nikalia hapo hapo, Bi Lan, mbele za watu, na Kin wa watu hajui amshike Mwislamu bega ama aliache. Akaliacha.

Basi mambo yakawa haya. Nikisema jina langu litolewe, nimekataa kuwa mwanao, wewe huna mtu, kibao chako kinakwenda motoni. Nikisema libaki, mimi Rehema nina jina mezani kwa masanamu. Kin aliomba jibu kabla gari la kuhamisha halijafika, yaani leo.

Nilimpigia mama. Alipiga ukelele mkubwa kuliko wa Mzee Fong. "Yarabi! Jina lako? Kwa masanamu?" Nikamwacha amalize. Kisha akauliza, "Huyo bibi ana mwana?" Nikasema hana. "Na weye alikufanyia nini?" Nikatafuta la kusema, na katika yote niliyoweza kusema, nikamweleza habari ya sufuria yenye uzi. Halafu mama akasema, "Mtu aliyekulindia chungu chako humwachi achomwe. Lakini usisujudu, Rehema. Usisujudu tu."

Leo nimerudi. Nimepika mkate wa kumimina, umeungua kidogo kwa chini, utanisamehe. Yule mama wa makumbusho alikuwapo, wanaume wanafunga Babu Ndevu kwa mablanketi kama mgonjwa. Aliuonja mkate, akauliza kama ni wa Kichina, na Mzee Fong akamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni wa kijijini kwenu China. Miaka yote hiyo, Bi Lan! Alikuwa anaula akidhani ni wa China. Nikamwambia, kupitia kwa Kin, ni wa Unguja. Mzee akaangalia kipande mkononi, akakimalizia.

Halafu yule mama akaniuliza mimi ni nani katika ukumbi ule. Zamani ningesema rafiki. Nilifungua mdomo nikasikia nasema kwamba wewe, Bi Lan, ni mama yangu. Akaitazama picha yako pale mezani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole kwamba ameelewa. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia.

Kibao chako nimekibandua. Kulia kwangu, kushoto kwa yule mzee, safari hii nimeuliza mara mbili. Kumbe wewe nawe chini umeandika kwa wino. Wenzako wote wameandika vijiji vya China. Wewe umeandika Unguja. Kin anasema waligombana na wewe juu ya hilo pia.

Na langu nimewaambia libaki, kwa sharti. Nikifa nitazikwa na Waislamu wenzangu, kwa sala yangu na sanda yangu, na pale kwenu hakuna kunichomea udi wala kuniwekea chai. Na karatasi ile isibanduliwe. Asiiguse mtu, hata wakisikia nimekufa. Kin alitafsiri. Wazee wakatazamana, maana jambo hilo halijapata kufanyika. Mzee Fong akafikiri, akauliza swali, na Kin akanigeukia: anauliza, kwa hiyo pembeni ya Lan siku zote atakuwapo mtu anayekula wali? Nikasema ndiyo. Siku zote. Yule mzee akaichukua karatasi mpya, nyekundu ya kweli, akaipaka gundi kwa brashi, akanifunika vizuri juu ya ile bahasha iliyochanika. Mkono wake ulikuwa umetulia.

Kwa hiyo umehama, Bi Lan. Chumba ni kidogo na kinanuka rangi mpya, ila kina dirisha. Kila mwaka, kabla ya siku yenu ile ya kutokuosha nywele, nitakuja. Nitakufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Nitaleta mkate, na nitajitahidi usiungue. Udi sitachoma. Nitakaa kwenye kiti nikuombee kwa namna yangu, kisha nitakula. Sufuria ninayo mimi, na uzi nimeukaza.

Bado sijakusamehe kwa kutoniuliza. Najua ungeuliza ningekataa, na wewe ulijua, ndiyo maana. Lakini nimekuwa nawaza jambo moja tangu kituo cha basi. Kila nilipokupa shikamoo uliitika, "Marahaba, mwanangu." Nilidhani ni ada ya maneno tu, kwa kuwa Waunguja mnamwita kila mtu mwanangu, hata muuza samaki. Sikujua kwamba ulikuwa unasema kweli.

Shikamoo, mama.

Mwanao,
Rehema